Mtu wa Nalasi Katika Mkutano wa Wabudha

Tofali la kwanza lilimpata begani. La pili lilimpata mdomoni, nikaona meno yakidondoka juu ya koti la kijivu alilokuwa amelivaa. Aliyerusha lile la pili alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Mimi nilikuwa nimesimama hatua kama kumi na tano kutoka hapo, pamoja na Wabudha kumi na wawili kutoka nchi za mbali, nikiwaeleza kwa Kiingereza safi kinachotokea.

Najua ukisoma hivyo maswali yanakujia yote kwa pamoja. Wabudha walifuata nini Songea? Yule mtu alikosa nini? Na mimi dada yake, mwalimu mzima, nilikuwa naeleza nini wakati mtu anauawa? Usiwe na haraka, nitayajibu moja moja. Nimefundisha watoto miaka mingi na nimeona kwamba hata jambo baya linaeleweka likianzwa mwanzoni.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungulia watu biashara. Maduka ya ushirika yalikuwa yamebaki na rafu tupu, na pale soko la Majengo kila mwenye meza alikuwa mfanyabiashara. Mdogo wangu alikuwa karani wa ushirika; kazi ilipokwisha akaingia kwenye mitumba, nguo ambazo wazee wetu walikuwa bado wanaziita kafa Ulaya. Alinunua belo, robota zima la nguo, akalifungua juu ya turubai, akauza. Wafanyabiashara wenzake wakampenda kwa sababu alikuwa na mwili na hakuwa mwoga, wakamfanya mkuu wa ulinzi wa soko. Kazi hiyo haikuwa na sare wala barua. Ilikuwa na filimbi, rungu, na tairi kuukuu lililokaa nyuma ya kibanda cha mafuta ya taa. Kila mtu Majengo alijua tairi lile ni la nini. Mimi pia nilijua, ila nilijizoeza kutoligeuzia macho nikipita.

Upande wa pili wa mto Ruvuma vita vya Msumbiji vilikuwa bado vinaleta watu kwetu, wengine wakiwa na mikono, wengine bila. Nadhani ndiyo sababu Wabudha walikuja. Walikuwa na mkutano wao wa kimataifa kuhusu namna ya kutumia mafundisho yao katika jamii ya leo: vita, umaskini, miji inayokua haraka, hasira za watu. Mwaka ule waliamua baadhi yao wakae siku nne mahali ambapo vita vinaonekana kwa macho, wasikilize kabla ya kufundisha. Wakapanga ukumbi karibu na mjini, wakaalika makatekista, masheikh, walimu, wakimbizi na wawakilishi wa soko. Wakahitaji mkalimani. Mkuu wangu wa shule akanitaja mimi.

Walikuwa wanaume tisa na wanawake watatu, wote wamenyoa vipara, wamejifunga vitambaa vya rangi ya ugoro na ya machungwa. Kiongozi wa vikao alikuwa mtawa mwanamke kutoka Sri Lanka, mfupi, umri wa mama yangu. Watu wa Songea hawakusumbuka na cheo chake. Walimwita Sista, basi.

Siku ya kwanza nilipowatembeza sokoni, akina mama waliacha kuuza wakasimama.

"Poleni jamani," alisema mama mmoja muuza dagaa, mwenye sauti ya kufika hadi mtaa wa Mfaranyaki. "Mmefiwa na nani?"

Lazima nieleze hapa. Kwetu maiti ikiisha kuzikwa, wafiwa hunyoa. Ukikutana na ukoo mzima wenye vipara vipya, huulizi habari za nyumbani, unatoa pole. Nikamwambia mama yule kwamba hawajafiwa, ndiyo dini yao.

"Hata Sista kanyoa? Bila msiba?"

"Bila msiba, mama."

"Basi huyo anautafuta."

Wakacheka wote, na Sista, ambaye hakuelewa neno hata moja, akacheka nao.

Siku ya pili walizungumzia hasira. Mkimbizi mmoja mzee alifungua shati akaonyesha kovu la panga kutoka shingoni hadi tumboni. Alisema waliomkata walikuwa wakiimba, na mmoja wao alikuwa mtoto wa jirani yake, akamwomba radhi kwanza kisha ndipo akakata. Nilitafsiri. Kuni za jikoni zikasikika zikipasuka.

Halafu Sista akamgeukia mdogo wangu, aliyekuja kwa niaba ya soko. Akamwuliza kupitia kwangu: "Unaposikia mtu anaita mwizi, nini kinatokea mwilini mwako?"

"Mwilini?" Mdogo wangu alitabasamu. "Miguu inakwenda."

"Na kichwa?"

"Kichwa kinakuja baadaye, Sista. Kinakuta kazi imekwisha."

Watu wa soko walicheka mpaka wakapiga meza. Sista hakucheka. Alisubiri wanyamaze, akauliza: "Imekwisha mara ngapi?"

Mdogo wangu alinitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Akainua vidole vitatu. "Mara tatu. Mmoja alipona."

Nilitafsiri kwa sauti ileile ninayosomea watoto imla. Watatu, mmoja alipona. Maana yake wawili hawakupona, na mkono ulioinua vidole vile ndio niliokuwa nikiushika kuvuka barabara alipokuwa mdogo. Usiku ule sikulala, lakini sikumwambia kitu. Asubuhi alipita kwangu kunywa chai, nikamwekea sukari vijiko viwili kama apendavyo.

Siku ya tatu Wabudha walitaka kutembea. Si matembezi ya kawaida. Wanatembea mmoja nyuma ya mwingine, polepole sana, bila kusema, wakihesabu kila unyayo unavyogusa ardhi. Walitaka kufanya hivyo katikati ya soko, mahali penye kelele. Nikatembea pembeni yao. Ilikuwa Julai, na wewe kama umewahi kukaa Songea mwezi wa Julai unajua baridi ile, upepo unapenya hadi kwenye mifupa.

Sasa yule mtu. Nitasimulia kama nilivyokuja kuelezwa na mkewe, kwa sababu wakati ule hakuna aliyemwuliza. Alikuwa mkulima wa korosho kutoka Nalasi, kule Tunduru, ambako joto halichezi na mtu. Yeye na mkewe walikuwa safarini kwenda Mbinga kumtazama binti yao aliyejifungua. Gari lao lilikuwa bado. Mkewe alikaa ng'ambo ya barabara juu ya mizigo, mume akaja kwenye turubai la mdogo wangu kutafuta kitu cha kuzuia baridi. Akalivaa koti la kijivu. Akauliza kama kuna kioo. Hakikuwepo. Akasema, "Ngoja nimwonyeshe mama watoto," akavuka barabara.

Mdogo wangu alikuwa ameinama akimpimia mteja mwingine suruali. Hakusikia. Alipoinuka aliona mgongo wa koti lake ukienda zake.

"Mwizi!"

Ukisikia neno hilo ukiwa ndani ya soko, usidhani utapata muda wa kufikiri. Mimi niliona wanaume waliokuwa wakinywa chai wakiwa tayari wamefika, vikombe bado vinaviringika mezani. Mtu wa Nalasi aligeuka, mikono imeinuka kidogo kama mtu anayeitwa na rafiki. Ngumi ya kwanza ilimkalisha. Mwingine akampiga teke la mbavu, na nilisikia mbavu. Akajaribu kuvua koti awarudishie, mkono mmoja ukakwama kwenye shati, na mpini wa jembe ukaushukia mkono huo hapo hapo ulipokwama. Mkewe alikuwa anapiga kelele kwa Kiyao. Mtu mmoja akamsukuma akaangukia mizigo yake. Pale karibu palikuwa na rundo la matofali ya mtu anayejenga duka. Hapo ndipo matofali yalipoanza.

"Wanafanya nini?" Sista aliniuliza.

Nami nikaeleza. Hili ndilo nililoahidi kukujibu, nami silifichi. Nilimweleza kwamba wanadhani ni mwizi. Nilimweleza kwamba askari ni wachache na kituo hakina gari, kwamba mtuhumiwa akipelekwa mahakamani wiki inayofuata anaonekana tena sokoni, kwamba belo moja la nguo ni maisha yote ya familia. Yote yalikuwa kweli. Nilichagua maneno vizuri. Nakumbuka nilisahihisha kitenzi kimoja. Kijana wa kibanda cha mafuta alipita mbele yetu akiviringisha tairi, na mimi nikasema kwa Kiingereza, "Na lile ni la kumvalisha shingoni, baadaye huwa…"

Sista hakungoja mwisho wa sentensi. Nilipogeuka nilikuta nazungumza na nafasi aliyokuwa amesimama.

Alipita chini ya mikono ya watu. Rungu lililokuwa likimfuata mtu wa Nalasi lilimpata yeye juu ya sikio, damu ikamwagika kwenye kile kipara hadi shingoni. Hakupiga kelele. Akaketi chini vumbini, miguu yote miwili ameinyoosha mbele, akavuta kichwa cha yule mtu akakilaza mapajani. Uso wa mtu yule ulikuwa umepotea. Jicho moja lilikuwa nyama tu. Sista akatulia hivyo hivyo, anatazama mbele.

Yule mama wa dagaa alikuwa kwenye meza yake, karibu kabisa. Alichokiona ni mwanamke mwenye kipara, ameketi chini amenyoosha miguu, ana mtu wa damu mapajani. Nami nakuambia, mwanamke yeyote wa kwetu akiona hivyo mwili wake unajua la kufanya kabla hajaulizwa. Alitua sinia. Alitoa kanga mabegani akajifunika kichwa. Akaenda akaketi ubavuni mwa Sista, akanyoosha miguu. Muuza nyanya akamfuata. Akina mama lishe wakatoka moshini, mikono ina unga, wakaketi. Wakaja Wakristo, wakaja Waislamu. Mmoja akaanza kulia kile kilio cha msibani, kirefu, cha kushuka, na wengine wakapokea. Sikuwahesabu, ila walilizunguka lile koti la kijivu mpaka likawa halionekani.

Kwetu mtu haruki miguu ya wafiwa. Hata mlevi hazunguki katikati yao, anapita mbali. Aliyekuwa na tairi alifika kwenye duara la miguu akasimama. Akajaribu upande mwingine. Miguu. Akalishika tairi lake kama mtu aliyeleta zawadi nyumba isiyo yenyewe.

Mdogo wangu alikuwa na tofali mkononi bado. Jasho lilikuwa linamtiririka katika baridi ile. "Dada!" aliniita. "Waambie watoke!"

Mama wa dagaa akamjibu kabla sijafungua mdomo. "Amwambie nani? Wewe huoni watu wamekaa?"

"Mama, huyo ni mwizi!"

"Hata kama. Mwizi akifa haliliwi? Weka tofali chini, unatutia vumbi."

"Ondokeni tumalize!"

"Mmeshamaliza. Hapa ni msiba. Nanyi wanaume kazi yenu msibani mnaijua: mnachimba au mnabeba. Chagua moja."

Kisha Sista akasema kitu, kwa sauti ndogo, na safari hii nilikuwa nimeshafika karibu. Nikatafsiri kwa kupiga kelele: "Anahema! Anasema anahema!"

"Maiti gani inayohema?" mtu mmoja nyuma akasema, na kuna aliyecheka, kicheko kibaya cha woga.

"Basi beba maiti inayohema!" mama akafoka. "Wewe, mkuu wa ulinzi! Nakuambia wewe!"

Nilimtazama mdogo wangu. Nilitaka sana kukuandikia kwamba nilimsihi, au nilimshika mkono. Sikufanya hivyo. Alisimama pale kwa muda ambao hata leo siwezi kuupima, na vidole vyake vilikuwa vikifunguka na kujikunja juu ya tofali. Halafu akaliachia. Lilianguka karibu na mguu wake mwenyewe. Akaenda akachukua mkokoteni wa mbeba magunia, akautandika nguo za turubai lake, akapita ukingoni mwa akina mama, nao wakakunja miguu kumpisha. Akamnyanyua mtu wa Nalasi peke yake. Akausukuma mkokoteni hadi hospitali ya mkoa bila kumpa mtu mwingine zamu, damu inachuruzika kwenye magurudumu, mkewe akikimbia pembeni ameshika mguu wa mumewe.

Jioni, ukumbini, Wabudha walibishana. Mtawa mmoja mwanamume, mzee, alitaka jambo lile liingie kwenye ripoti kama mfano wa mafundisho kutumika katika jamii ya leo. Sista alikuwa ameshonwa, kitambaa cheupe kimemzunguka kichwa.

"Andikeni kwamba niliogopa," alisema. "Nilitaka kumvuta nimtoe. Miguu ikaisha nguvu. Sikuketi, nilianguka."

Wakataka kujua basi kwa nini wale wanawake waliketi. Nilikuwa na maelezo tayari, marefu, yenye mifano. Lakini mama wa dagaa alikuwa pale, tulikuwa tumemwalika, nikamwomba ajibu yeye.

"Mwambie Sista sisi mafundisho yake hatuyajui," alisema. "Sisi tuliona amenyoa."

Nilitafsiri, nao wakaandika. Sijui waliandika nini.

Mkutano ukafungwa, wageni wengine wakaondoka. Sista akabaki siku mbili kwa ajili ya sikio. Mtu wa Nalasi alikuwa amelala wodini bila kufumbua jicho, lile moja lililobaki. Askari walikuja kuuliza nani aliita mwizi na nani alipiga. Hakuna aliyejua. Soko zima halikujua. Ukikaa miji kama yetu utaelewa jinsi watu mia wanavyoweza kutoona kitu kilichotokea miguuni mwao, na mimi nilikuwa mmoja wa hao mia.

Mdogo wangu alikuwa anakwenda wodini kila asubuhi na chupa ya uji. Mke wa mgonjwa alimwona kama malaika. Alikuwa anamjua kama kijana aliyesukuma mkokoteni, hakumjua kwa lingine.

"Mungu akulipe, mwanangu," alimwambia mbele yangu, akamshika mikono yote miwili. "Wengine waliua, wewe ukabeba."

Mdogo wangu akamwachia chupa ya uji. Tulipotoka nje nilimwambia, "Utakaa na hilo mpaka lini?"

"Akifa nitakwenda mwenyewe kituoni."

"Na akipona?"

Akapangusa pua kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya utotoni. "Akipona ndiyo mbaya zaidi, dada."

Siku ya tatu tangu apigwe, mchana, mgonjwa alifumbua jicho. Mkewe akaja mbio kutuita, tulikuwa kwenye benchi nje ya wodi, mimi, mdogo wangu na Sista. Tukaingia. Mtu wa Nalasi alikuwa amefungwa taya, maneno yakitoka nusu nusu, lakini Kiswahili chake kilikuwa wazi. Alimwuliza mkewe kama gari la Mbinga limeondoka. Mkewe akalia, akasema limeondoka. Akauliza kuhusu mkono wake, akaambiwa utapona. Kisha akawa anatazama dari.

"Nani aliniita mwizi?" akauliza.

Mkewe akasema hatujui, baba, watu walikuwa wengi, pumzika. Akamshika mdogo wangu mkono, akamwonyesha: "Huyu ndiye aliyekubeba."

Nilikuwa na maneno. Ningeweza kumweleza yule mgonjwa kuhusu kioo kilichokosekana, na mteja wa suruali, na kelele za soko. Nilifungua mdomo. Mdogo wangu akanigusa mkono kuniambia niache.

"Ni mimi," alisema. "Koti lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyeita. Na meno, ni mimi."

Mke alimwachia mkono polepole, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Sogea," mtu wa Nalasi alisema.

Mdogo wangu akasogea.

"Zaidi. Jicho hili halioni mbali."

Akapiga magoti kando ya kitanda, uso wake ukawa sawa na wa mgonjwa. Mtu wa Nalasi alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akainua mkono ule mzima, uliokuwa na mpira wa dripu, akampiga kofi. Halikuwa na nguvu. Akampiga tena, na tena, chupa ya dripu inayumba juu ya mti wake, na kila mara mkono ulikuwa unashuka taratibu zaidi. Mdogo wangu hakukwepa na hakufumba macho. La nne halikufika. Mkono ulibaki umelala shavuni mwake, umechoka, damu kidogo inatoka pale sindano ilipochomoka.

"Maji," mgonjwa alisema.

Mdogo wangu akawahi kikombe kilichokuwa juu ya meza, akakijaza, akakipeleka kwenye ile midomo iliyoshonwa. Mwanamke akatoka ukutani akakishika kikombe kabla hakijafika.

"Lete, maji nitampa mimi," alisema. "Wewe kaa hapo hapo, akuone."